Mume wangu anasema ni tajiri wa ndani, na boma letu halina bati

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Gongo la Mboto kwenye nyumba ya kupanga. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya serikali, mimi nauza magauni ya mitumba soko la Karume. Tulioana tukiwa vijana kabisa na sijawahi kumlalamikia kwa ulevi wala wanawake. Nalisema hilo mapema usije ukadhani kuna jambo la namna hiyo nalificha. Shida yetu ni pesa, au niseme ni namna yeye anavyoitazama pesa.

Tuna kiwanja Chanika. Boma limefika kwenye lenta na limeishia hapo, mpaka majani yameota sebuleni. Kila masika ikiingia naumia, maana matofali yale ni jasho langu. Mwaka jana mume wangu alifuatwa na watu wa kampuni moja ya mikopo wakitaka awe wakala wao kwa walimu. Kila mwalimu atakayempeleka akakopa, yeye anapata kamisheni. Walimtaka yeye kwa sababu ndiye mweka hazina wa mfuko wa kufa na kuzikana pale shuleni, na walimu wanamwamini kuliko hata mkuu wa shule. Shangazi, alikataa. Hakuniuliza. Habari niliipata kwa mke wa mwalimu mwenzake, ambaye mume wake aliikubali kazi hiyo hiyo na sasa anaendesha gari, Toyota IST.

Nilipomuuliza alinijibu kwamba hawezi kuwauza wenzake, akanisomea ile hadithi ya Mtume kwamba utajiri si wingi wa mali bali ni utajiri wa nafsi. Hadithi hiyo naijua, nami nilisoma madrasa kama yeye. Lakini mwenye nyumba wangu hapokei utajiri wa nafsi. Anataka kodi ya miezi sita, na anaitaka mkononi.

Jioni akirudi anakaa barazani anawafundisha hesabu watoto wa mtaa. Bure. Mtaa wa pili kuna kijana hata chuo hajamaliza, anatoza shilingi 500 kwa mtoto kwa siku, na nafasi hazitoshi. Nikimwambia naye atoze, ananiambia elimu haiuzwi barazani. Mtoto wetu wa mwisho anasoma shule ya binafsi na ada yote nalipa mimi, maana yeye anasema ya serikali inatosha. Mshahara wake sijui ni kiasi gani mpaka leo. Ananipa hela ya matumizi, kinachobaki najua kinakwenda kwa mama yake na kwenye vitabu.

Mimi natoka saa kumi alfajiri ili robota la mitumba likifunguliwa niwepo, narudi usiku. Mdogo namkuta amelala. Jumapili nako nipo sokoni. Zamani nilikuwa nashona. Nilikuwa na cherehani na watu walitoka Ukonga kuja kushonewa magauni ya harusi, lakini kushona ni kazi ya polepole, mitumba inazunguka haraka. Mtaji nauongeza kwa mikopo ya wiki, hii wanayoiita kausha damu. Nachukua milioni moja, narejesha 325,000 kila wiki kwa wiki nne, nikimaliza nachukua mwingine. Sijawahi kuchelewesha. Siku ya marejesho chakula hakipiti, ila nimezoea. Mume wangu hajui, na sioni sababu ya kumwambia mtu ambaye hatanisaidia kulipa.

Idi iliyopita, mbele ya mama yake na watoto wakiwepo, aliniambia nimekuwa mtumwa wa pesa. Mama mkwe alinyamaza. Tangu siku ile tunaongea yale ya lazima tu.

Nisaidie Shangazi. Mume wangu ana hekima, au ni mvivu aliyejificha nyuma ya dini? Na mimi ninayehangaika ili wanangu wasilale njaa kama nilivyolala mimi, ndiyo nimekuwa mwenye tamaa?

Mke wa Mwalimu, Gongo la Mboto

* * *

Marahaba mwanangu,

Nianze na neno alilokuambia siku ya Idi, kabla sijasema lolote la kumsifu mumeo. Alikosea. Mwanamke anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri ili watoto wale na kodi ilipwe haitwi mtumwa wa pesa, tena mbele ya mama mkwe, tena watoto wakisikiliza. Hata kama ndani ya neno hilo kulikuwa na jambo la kuzungumzwa, mahali pake palikuwa chumbani, na sauti yake ilikuwa nyingine. Ana deni la kukuomba radhi, na kwa kuwa alilisema mbele ya mama yake, mama naye asikie akiomba.

Sasa nikujibu kuhusu tamaa. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na sentensi iliyonishika ni ile ya mwisho, pale uliposema ulilala njaa. Umeipitisha haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyotaka kuitazama. Mwanangu, mimi sioni tamaa kwako. Naona hofu ya mtoto aliyelala njaa, ambaye leo ni mama na bado haamini kwamba kesho chakula kitakuwepo. Watu wengi tunaowaita wenye uchu wa pesa ni hivyo walivyo, na kuwasomea hadithi hakuwasaidii, kwa sababu hofu haisikii mahubiri. Mumeo angelijua hilo, nadhani lile neno lisingemtoka. Sijui kama umewahi kumsimulia zile siku za njaa, zote, bila kufupisha.

Ila kuhusu kazi aliyoikataa, nipo upande wake, na nataka uelewe kwa nini.

Sheria yetu inataka mtumishi wa umma, makato yote yakishafanyika, abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Lengo ni asikopeshwe mpaka akashindwa kununua unga. Mwalimu akishafika ukomo huo, benki haiwezi kumwongezea mkopo wa kukatwa kwenye mshahara. Hapo ndipo wanapoingia wale wengine. Hawana haja na makato ya kwenye mshahara. Wanachukua kadi yake ya benki na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia wao ndio wanaotangulia kwenye ATM, wanatoa chao, mwenye kadi anaachiwa masalia. Katikati ya mwezi hana kitu, anarudi kwao kuongeza mkopo mwingine. Kuna walimu wamekaa miaka mingi bila kuishika kadi yao wenyewe. Wapo waliohama kituo usiku, na wapo waliostaafu wakiwa na madeni ambayo wake zao hawakuwahi kuyasikia.

Na angalia walichokitaka kwa mumeo. Hawakutaka hisabati yake. Mweka hazina wa kufa na kuzikana ndiye anayejua nani amefiwa, nani ana mgonjwa Muhimbili, nani mtoto wake anatakiwa chuo na hela haipo. Wakati mwalimu anaumia, wa kwanza kumpigia simu ni mumeo. Kampuni ile ilitaka kununua simu hiyo. Kila kamisheni ingetoka kwa mtu aliyemwendea akilia. Na walimu wangekubali, kwa sababu ni yeye aliyewaambia. Alipokujibu kwamba hawezi kuwauza wenzake hakuwa anaongea kwa mafumbo. Alikuwa anaitaja kazi yenyewe kwa jina lake.

Imani ile ya wenzake ni mali, mwanangu. Ameichuma kwa miaka, senti kwa senti, kila mchango uliopita mikononi mwake ukafika mzima. Angeikubali kazi ile angeiuza yote kwa gari moja, na isingenunulika tena. Ukiniuliza utajiri wa ndani ni nini, naanzia hapo, kwenye kitu ambacho watu wanakiona na kukitegemea. Siuhesabu kwa maneno mazuri ya barazani. Kwamba hakukuuliza kabla ya kukataa, hilo ni kosa lingine, na nitalifikia.

Lakini kwanza tuongee habari ya mkopo wako.

Umeuandika katikati ya barua kama jambo dogo la biashara. Mimi nimeona ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Unachukua 1,000,000, unarudisha 325,000 mara nne. Hiyo ni 1,300,000. Laki tatu zimekwenda kwa mwezi mmoja. Tena milioni hiyo huishiki mwezi mzima. Unakaa nayo nzima wiki moja tu, wiki ya pili umeshaanza kuirudisha, na ya nne unafanyia biashara vipande vilivyobaki huku riba ukilipa kama vile zote unazo. Ukifanya hivyo mara kumi kwa mwaka umempa mkopeshaji 3,000,000, na milioni yake bado ni yake. Chukua namba hiyo uipeleke kwa fundi wako Chanika, akupigie hesabu ya mbao, misumari na bati. Huenda isimalize paa lote, lakini utaona mwenyewe ni vyumba vingapi vingekuwa vimeshafunikwa. Uliniandikia kwamba boma halina bati kwa sababu ya moyo wa kuridhika wa mume wako. Hesabu yako mwenyewe inasema sehemu kubwa ya bati hizo uliipeleka wewe kwa mkono wako, kila siku ya marejesho, bila kuchelewesha hata mara moja.

Sikulaumu. Mtaji kwa mwanamke wa sokoni ni mgumu kupatikana na wanaoutoa haraka wanajua hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Wa mtaani kama wako mara nyingi hata tangazo halimfikii. Mwombe leseni yake uione. Na njia nyingine zipo, hata kama ni za polepole. Kuna VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, ambako riba mnayolipa inabaki kwenye kikundi chenu. Kuna SACCOS. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata. Inataka kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa kufuatilia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Anza na wanawake wenzako wa Karume ambao nao wanakonda kila siku ya marejesho. Unawajua.

Umesema siku hiyo chakula hakipiti na umezoea. Hapana. Mwili wako haujazoea, umenyamazishwa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima wale hupata pesa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, kwa hiyo mtu yule yule ana miezi ya ukata na miezi ya nafuu. Walipewa mazoezi ya kufikiri kabla ya mavuno na baada yake. Kabla ya mavuno, pesa ilipokuwa imewaishia, walifanya vibaya zaidi. Akili ilikuwa ile ile, ila sehemu yake kubwa ilikuwa imeshikwa na hesabu za madeni. Nakuambia haya kwa sababu mbili. Moja ni kwamba usijidharau ukijiona huna subira na watoto au husikii mtu anapoongea nawe. Ya pili ni ya mumeo, naye aisome: anayesema utajiri wa ndani unatosha peke yake hajakaa mahali pa mwenye deni. Ukata unaingia mpaka ndani, unachukua hata ule utulivu anaousifia. Nyumba inayotaka utajiri wa nafsi inahitaji kwanza kodi ilipwe.

Basi nimgeukie yeye, na nikuombe umpe sehemu hii aisome kwa macho yake.

Mwalimu, hadithi uliyoishika ni sahihi, ipo kwa Bukhari na kwa Muslim, na naipenda. Lakini dini hiyo hiyo imekupa wewe mzigo wa kumlisha na kumvisha mkeo na watoto, na aya ya saba ya Surat At-Talaq inamwambia mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake na mwenye dhiki atoe katika alichopewa. Mkeo hajui mshahara wako. Anajuaje kama unatoa kwa wasaa au kwa dhiki? Pesa anayoichuma sokoni, kwa sheria ya dini hiyo, ni yake, hana lazima ya kulipa ada wala matofali, na anavilipa vyote. Wewe umeridhika, na ni vizuri. Ila mtu haridhiki kwa niaba ya mwenzake. Unapokataa kazi bila kumwambia, ukaendelea kukaa barazani na vitabu vyako huku yeye akipanga namna ya kulipa kodi, utulivu wako unagharamiwa na mgongo wake.

Hapo juu yenu, Pugu, alifundisha mwalimu mwingine ambaye mwaka 1955 aliacha mshahara wake akachagua kazi ya TANU. Tunamsifu Mwalimu Nyerere kwa uamuzi huo, na anastahili. Tunasahau kwamba nyumbani kulikuwa na watoto wadogo, na kwamba Mama Maria alifungua duka dogo ili familia ipate kula. Kila ninaposikia mwanaume anasifiwa kwa kutojali pesa, huwa nauliza duka analishika nani. Kwako linashikwa Karume. Litaje kwa heshima.

Na hilo la tuisheni, sikubaliani na wewe, Mwalimu. Kutowatoza watoto ambao wazazi wao hawana ni sadaka, endelea nayo na usimwambie mtu. Lakini kwenye baraza lako hawakosekani watoto ambao wazazi wao wanaweza kulipa shilingi 500 bila kuhisi, na si wanafunzi wako wa darasani. Kupokea ujira wa kazi halali hakuichafui elimu. Ulilipwa mshahara mwezi uliopita na hukusema umeiuza. Gawanya jioni zako: baadhi bure kwa wasio nacho, baadhi kwa wanaolipa, na hizo za kulipa zipewe jina moja tu, bati la Chanika. Huko ndiko nguvu yako iliko, na tofauti na kamisheni, hakuna atakayekonda kwa ajili yake.

Nirudi kwako, mwanangu, kwa jambo ambalo hukuniuliza.

Uliandika kwamba zamani ulikuwa unashona, watu wanatoka Ukonga kukufuata wewe, kisha ukaeleza kwa nini uliacha: ni polepole. Katika barua nzima hapo ndipo pekee nilipokusikia ukijivuna, na ulijivuna kwa mstari mmoja. Mumeo ana kitu chake. Akikaa na watoto wale na mmoja akaelewa namna ya kutafuta thamani ya x, anaingia ndani ameshiba kitu ambacho hakikutoka jikoni. Wewe chako ulikiweka pembeni kwa sababu hakizunguki haraka. Ndiyo maana utulivu wake unakuudhi hivi. Nadhani ungevumilia kodi, ungevumilia hata boma, kama nawe ungekuwa na saa moja ya siku ambayo ni yako na mikono yako inafanya kitu inachokijua.

Utajiri wa ndani hauji kwa kukosa pesa. Ningekuwa naamini hivyo ningekuambia uache soko, na sikuambii. Wapo maskini wengi ambao ndani ni wakavu, wana kinyongo na kila aliyejenga. Unakuja kwa kuupa muda, na muda wako wote umeshauzwa. Mtoto wako mdogo unamkuta amelala, asubuhi unamwacha amelala. Ada yake unailipa wewe, lakini hesabu anafundishwa na baba yake, na akiogopa kitu usiku namdhania baba ndiye anayeamshwa. Hilo la kuamshwa usiku ni sehemu ya mali pia, na kwa sasa limekuponyoka, wewe uliyeanza kuhangaika kwa ajili ya mtoto huyo huyo.

Kuhusu shule ya binafsi sitasema mengi. Serikalini elimu imekuwa bila ada tangu 2016, baba yake anafundisha huko, na ana baba wa hisabati nyumbani kila jioni. Lakini ni mtoto wenu, amueni wawili. Ninachotaka ni uamuzi huo ufanyike pale mtakapokuwa na mishahara na madeni yote mezani, usifanywe kwa kuwakomesha majirani wala kwa kumkomesha mume.

Ungekuja kwangu ukaniuliza uanzie wapi, ningekuambia uanzie na mkopo. Mwambie mumeo kabla hajausikia kwa mwingine. Najua ni vigumu, hasa baada ya neno lile la Idi, na hasa kwa kuwa yeye alikataa kuwa wakala wa biashara ya aina hiyo hiyo. Usimwambie kama anayetubu. Mwambie kama mshirika wa nyumba anayeleta hesabu: nimechukua kiasi hiki, nimelipa hiki, riba ni hii, nataka tutoke. Kisha umwambie kwamba na yeye unataka hati yake ya mshahara, pale pale, siku ile ile. Maliza marejesho ya mkopo ulionao sasa, ila ukimaliza usichukue mwingine. Robota lako litakuwa dogo kwa muda. Chukua nusu, shirikianeni na mwenzako mmoja wa kuaminika, mgawane mzigo. Faida itapungua kwa macho, lakini zile laki tatu zitabaki kwako, na ninavyoliona soko utashangaa mwisho wa mwezi umekukuta na nini.

Jumapili moja kati ya mbili usiende Karume. Naanza na moja kwa sababu najua mwezi wa kwanza utaona kama umeibiwa. Siku hiyo fungua cherehani, itie mafuta, na chukua gauni moja kwenye mzigo wako ambalo halina soko kwa sababu ya mshono mbaya. Lifumue, ulishone upya. Sikutumi kuanzisha biashara nyingine, ingawa najua gauni lililofanyiwa kazi huuzwa bei tofauti kabisa na lile lililotoka robotani. Lishone kwanza kwa sababu unaweza.

Na siku mtakapokaa mezani, msimulie njaa ile. Anza hapo kabla ya hesabu. Usimwachie yeye aikisie.

Akikataa kuonyesha hati ya mshahara, au akikataa kukuomba radhi mbele ya mama yake, niandikie tena na nitajibu kwa maneno mengine. Akikubali, nataka kusikia habari za tuisheni: mmewapanga vipi wale wanaolipa na wasiolipa bila kuwaaibisha watoto. Kuna wasomaji wengine wake wa walimu wameniuliza hilo hilo, na sijapata bado nyumba iliyolijaribu.

Shangazi